Faiwoli za Mtandao wa Taasisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wale waliokabidhiwa faiwoli ya taasisi: wasimamizi wa mtandao, wakuu wa TEHAMA, na viongozi wanaotakiwa kuidhinisha bajeti yake. Maswali ni mengi, lakini mengi yana mzizi mmoja. Kifaa chenyewe huwa kizima. Kinachopotea ni kumbukumbu ya nani aliomba njia fulani ifunguliwe, na kwa nini. Nitalirudia jambo hilo kila litakapohusika, maana naamini ndilo linalotenganisha faiwoli inayolinda na faiwoli iliyopo tu.

Faiwoli inafanya nini hasa, na nini haiwezi?

Inakaa pale mitandao miwili inapokutana na kuamua pakiti (kipande cha data) ipi ipite. Zile za mwanzo, mwishoni mwa miaka ya 1980, zilitazama kila pakiti peke yake: imetoka anwani gani, inaenda wapi, kwa poti ipi (namba inayoonyesha huduma inayolengwa). Ili majibu ya seva za nje yaweze kurudi ndani, ilibidi poti nyingi ziachwe wazi upande wa kuingilia. Miaka ya 1990 zikaja faiwoli zinazotunza jedwali la miunganisho, na FireWall-1 ya Check Point, iliyotoka mwaka 1994, ilisaidia sana kuzieneza. Muunganisho ukianzishwa kutoka ndani, faiwoli huuandika kwenye jedwali, na majibu yake hupita bila kanuni ya ziada. Za siku hizi hutambua pia aina ya programu inayozungumza, mtumiaji aliye nyuma ya anwani, na dalili za mashambulizi yanayojulikana.

Haioni trafiki isiyopita kwake. Kompyuta mbili zilizo kwenye swichi moja na VLAN moja (mgawanyo wa mtandao ndani ya swichi) huzungumza bila faiwoli kujua lolote. Wala haiwezi, kwa kanuni za anwani na poti, kujua kwamba nenosiri halali liko mikononi mwa mwizi.

Kanuni nzuri ina sura gani?

Anza na mwisho: kanuni ya chini kabisa ikatae kila kitu na kuandika logi (kumbukumbu ya matukio). Juu yake ruhusu kile tu kinachohitajika, kutoka chanzo kinachojulikana, kwenda mahali panapojulikana, kwa poti iliyotajwa. Mfano: seva ya mishahara yenye anwani 10.20.5.11 iruhusiwe kufika kwenye hifadhidata 10.20.8.4 kwa TCP 1433, yaani poti 1433 ya itifaki ya TCP. Kanuni hiyo mtu yeyote anaweza kuisoma, kuielewa na kuihoji. Kanuni inayosema kanda (sehemu ya mtandao iliyotengwa) yote ya seva ifike popote kwenye kanda ya hifadhidata kwa poti yoyote haihojiki, kwa kuwa hakuna anayejua inatumikia nini.

Mpangilio una uzito. Faiwoli nyingi husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kufuata ya kwanza inayolingana. (pf ya OpenBSD hufanya kinyume: hufuata ya mwisho inayolingana, isipokuwa umeweka neno quick. Anayehamia huko akitoka kwingine ajihadhari.) Kanuni pana ikikaa juu ya kanuni finyu, ile finyu haifikiwi kamwe. Ziko kanuni za kuzuia zinazokaa miaka mingi bila kuzuia pakiti hata moja, na wenye mtandao wanalala wakidhani wamefunga.

Kisha kuna maelezo yanayoambatana na kanuni, na hapa sina mzaha. Kila kanuni iwe na idara inayoimiliki, sababu kwa maneno ya kawaida, namba ya ombi lililoizaa, tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kupitiwa upya. Andika idara au cheo badala ya jina la mtu pekee, kwa kuwa watu huhama. Kanuni ya muda, kama ile ya fundi wa nje anayekuja kusakinisha mfumo, iwekewe tarehe ya kuisha ndani ya kifaa chenyewe kama kinaruhusu. Usitegemee kwamba utakumbuka kuiondoa.

Usisahau pakiti za uongo. Kwenye kiolesura kinachotazama intaneti, kataa zinazodai kutoka 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 au 192.168.0.0/16, anwani ambazo RFC 1918 (RFC ni hati za viwango vya intaneti) ya mwaka 1996 ilizitenga kwa matumizi ya ndani. Kataa pia zinazodai kutoka kwenye anwani zako mwenyewe. Kwa upande wa kutoka, pakiti yenye anwani ya chanzo isiyo yako isiondoke. Hilo ndilo mwongozo wa BCP 38 unalolihimiza tangu mwaka 2000, na mashambulizi mengi ya kufurika (kumzidi mlengwa kwa wingi wa trafiki) yangekosa nguvu kama kila mtandao ungelitii.

Tumefunga vizuri trafiki inayoingia. Je, inayotoka ina haja ya kuzuiwa?

Ndiyo, na ningeomba msomaji akae kidogo kwenye swali hili, kwa sababu ndipo taasisi nyingi zilipo wazi. Mara nyingi utakuta kanuni moja tu upande wa kutoka: ndani kwenda nje, ruhusu yote. Mvamizi anayeingia kwa barua pepe yenye kiambatisho kibaya hahitaji kufungua njia ya kuingia. Programu yake hasidi huanzisha muunganisho kutoka ndani, na faiwoli inaupitisha kama ilivyoagizwa.

Chukua Log4Shell, udhaifu wa Log4j, maktaba ya programu ya kuandika logi, uliotangazwa Desemba 2021 kwa namba CVE-2021-44228. Mshambulizi alituma maandishi maalumu, seva ikayaandika kwenye logi, na kwa kuyaandika ikaenda yenyewe kwenye seva ya mshambulizi, mara nyingi kwa LDAP (itifaki ya kuuliza saraka), kuchukua msimbo wa kuendesha. Seva iliyokuwa imezuiwa kwenda intaneti ilibaki na udhaifu uleule na ilihitaji kuzibwa kama nyingine, lakini njia hiyo ya shambulizi ilikatikia njiani.

Kwa hiyo anza na seva. Seva nyingi za ndani zinahitaji kufika sehemu chache sana nje: chanzo cha masasisho, pengine huduma moja au mbili za washirika. Ziruhusu hizo, funga kwingine. TCP 25 itoke kwenye seva ya barua pepe pekee, ili kompyuta iliyoambukizwa isigeuke mtambo wa barua taka. TCP 445, ya kushirikishana mafaili, isitoke kwenda intaneti kwa hali yoyote. DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, itoke kwenye seva zako za DNS tu, na vifaa vingine vyote viulize hapo, maana logi za DNS ni hazina wakati wa uchunguzi.

Kuna ugumu mmoja. Tangu RFC 8484 ya mwaka 2018, DNS inaweza kupita ndani ya HTTPS kwa poti 443, ikichanganyika na trafiki ya kawaida ya tovuti. Kufunga poti 53 pekee hakutoshi tena. Zima hilo kwenye vivinjari kwa sera ya taasisi, kisha zuia anwani za huduma zinazojulikana za aina hiyo.

Tugawe mtandao wa ndani katika kanda ngapi?

Idadi isikusumbue sana. Jiulize: kompyuta ya mapokezi ikivamiwa leo, mvamizi atafika wapi bila kupita kwenye faiwoli? Kama jibu ni kila mahali, una kanda moja, hata kama mchoro ukutani unaonyesha kumi.

WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017, ilienea kwa TCP 445, kutoka mashine hadi mashine, kwa kutumia udhaifu ambao Microsoft ilikuwa imeutolea kiraka (sasisho la kuziba udhaifu) Machi mwaka huohuo. Ilipoingia kwenye mtandao usiogawanywa, ilizunguka jengo zima. Kompyuta za wafanyakazi karibu hazina sababu ya kuzungumza zenyewe kwa zenyewe kwa poti hiyo. Zinahitaji kufika kwenye seva ya mafaili. Kanuni moja ya kuzuia poti hiyo kati yao, ikiwekwa kwenye faiwoli ya kila kompyuta na kati ya kanda, hukata mlipuko wa namna ile. Mfano mwingine ni duka la Target nchini Marekani mwaka 2013: wavamizi walianza na nenosiri lililoibwa kwa mkandarasi wa majokofu na mifumo ya hewa, na wakaishia kwenye mashine za kulipia, wakachukua taarifa za kadi takriban milioni 40. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa taasisi ya kawaida ningeanza hivi: seva zinazoonekana kutoka intaneti zikae peke yake, na zisiweze kuanzisha muunganisho kuelekea ndani isipokuwa kwa njia zilizotajwa moja moja. Hifadhidata zikae peke yake. Wageni wa Wi-Fi wapate intaneti tu. Kamera, printa, milango ya kielektroniki na vifaa vingine visivyosasishwa mara kwa mara viwe na kanda yao. Nakala rudufu ziwe mahali ambapo hata msimamizi wa kawaida hafiki kwa kompyuta yake ya kila siku, kwa sababu wavamizi wanaofunga mafaili na kudai fidia huzitafuta hizo kwanza.

Nimerithi faiwoli yenye mamia ya kanuni na hakuna anayejua zimetoka wapi. Nianzie wapi?

Usifute chochote wiki ya kwanza. Chukua nakala ya usanidi, ihifadhi nje ya kifaa, na hakikisha unaweza kuirejesha. Kisha washa vihesabio vya matumizi kwa kila kanuni kama havijawashwa, na viache vikusanye.

Wakati vinakusanya, tafuta yale ya hatari ambayo hayahitaji kusubiri. Kanuni yoyote inayoruhusu intaneti kufika ndani kwa njia za kudhibiti mashine kwa mbali, yaani RDP (TCP 3389) na SSH (TCP 22), kwa SMB ya mafaili (TCP 445) au moja kwa moja kwenye hifadhidata ishughulikiwe siku hiyohiyo. Piga simu, uliza, na kama mwenyewe hapatikani, mwambie kiongozi wako kwa maandishi kwamba unaifunga. Watu wataudhika. Ni afadhali hivyo kuliko kungoja.

Zilizobaki zipitie kwa makundi. Kanuni zinazoelekeza kwenye seva ambazo hazipo tena ni rahisi: zizime. Ni muhimu ziondolewe hata kama zinaonekana hazina madhara, kwa kuwa anwani hiyo siku moja itapewa seva mpya, nayo itazaliwa ikiwa na njia zilizofunguliwa na mtu aliyeondoka zamani. Zilizofunikwa na kanuni pana zilizo juu yao, faiwoli nyingi zina chombo cha kuzionyesha. Zile ambazo kihesabio kiko sifuri zinahitaji subira. Siku tisini ni muda mzuri wa kuanzia, lakini kuna kazi zinazofanyika mara moja kwa mwaka, kama kufunga hesabu au kupeleka ripoti kwa mdhibiti. Zizime badala ya kuzifuta, acha zikae hivyo mzunguko mmoja wa kazi za taasisi, ndipo uzifute.

Kazi ngumu ni kanuni pana zinazotumika kweli. Hapo weka logi kwenye kanuni hiyo, soma trafiki halisi inayopita, andika kanuni finyu juu yake kwa kila ulichokitambua, na uendelee mpaka ile pana ibaki bila kazi. Ni kazi ya miezi. Kwa kila kanuni finyu unayoandika, tafuta idara ya kuimiliki. Idara ikikana, una haki ya kuuliza kwa nini trafiki hiyo ipo.

Baada ya hapo tuzipitie kila baada ya muda gani?

Taasisi zinazoshughulikia kadi za malipo zinabanwa na PCI DSS, kiwango cha usalama wa kadi, kufanya hivyo angalau mara moja kila miezi sita. Hata kama hugusi kadi, ni kipimo kizuri. Kanuni za mafundi na washirika wa nje ningezipitia kila robo mwaka.

Tuzuie ICMP yote ili tusionekane?

Hapana. ICMP ni ujumbe ambao vifaa vya mtandao hupeana kuhusu hali na makosa ya njia. Anayekutafuta atakupata kwa kugonga poti zako za TCP. Utakachovunja ni mtandao wako mwenyewe. Ruta inayokutana na pakiti kubwa kuliko njia inavyoweza kubeba humjulisha mtumaji kwa ICMP aina ya 3, msimbo wa 4. Ukiuzuia ujumbe huo, muunganisho unaanza vizuri kisha unakwama data inapoongezeka: tovuti inafunguka nusu, faili linagoma kupanda, VPN (njia iliyosimbwa ya kufikia mtandao kwa mbali) inaunganika lakini haipitishi kitu. Wasimamizi hupoteza siku nzima wakitafuta tatizo hilo kwingine. Ruhusu aina zinazohitajika, weka kikomo cha wingi wake, na yaliyobaki yafunge.

Kwa IPv6, toleo jipya la itifaki ya anwani za intaneti, jambo ni zito zaidi, kwa kuwa hata kutafutana kwa vifaa jirani kunategemea ICMPv6. RFC 4890 inaeleza zipi zipite na zipi zizuiwe.

Sisi hatutumii IPv6. Inatuhusu?

Mifumo ya Windows, macOS na usambazaji mwingi wa Linux huwasha IPv6 bila kuulizwa. Basi vifaa vyako vinaitumia, ila hujaiandikia kanuni. Iandikie, hata kama ni kanuni moja ya kukataa na kuandika logi.

Kukataa kimya au kukataa kwa kujibu?

Kwa trafiki ya kutoka intaneti, kataa kimya. Kwa watu wa ndani, kataa kwa kujibu, ili programu ijue mara moja kwamba haitafika na mtumiaji asisubiri huku skrini ikizunguka. Inampa fundi pia dalili iliyo wazi.

Trafiki karibu yote sasa imesimbwa. Tuifungue na kuikagua?

Hili sina jibu moja kwa wote. Bila kuifungua, faiwoli huona anwani, jina la seva kwa kawaida, na ukubwa wa data, basi. Ili kuifungua, inabidi faiwoli isimame katikati na kutoa vyeti vyake, na cheti chake kikuu kiwekwe kwenye kila kompyuta ya taasisi. Ufunguo wa cheti hicho ukiibwa, aliyeuiba anaweza kujifanya tovuti yoyote mbele ya wafanyakazi wako wote.

Kama mtafanya, waambieni wafanyakazi waziwazi kabla ya siku ya kuanza. Acheni nje ya ukaguzi tovuti za benki, za afya, na nyingine za faragha. Pimeni mzigo, maana kazi ya kufungua na kufunga tena usimbaji hupunguza sana uwezo wa kifaa, na tarakimu kubwa kwenye matangazo ya wauzaji mara nyingi si za hali hiyo. QUIC, itifaki mpya ya tovuti inayopita UDP 443 na kusanifishwa kwa RFC 9000 mwaka 2021, faiwoli nyingi haziwezi kuikagua. Ukiizuia, vivinjari hurudi kwenye TCP bila mtumiaji kugundua.

Kama taasisi ni ndogo na haina mtu wa kulisimamia hilo kila siku, ningetumia nguvu hizo kwenye ulinzi wa kompyuta zenyewe.

Muunganisho wa programu yetu unakatika ukikaa kimya. Ni faiwoli?

Huenda. Jedwali la miunganisho lina nafasi yenye kikomo, hivyo kila muunganisho usio na shughuli hufutwa baada ya muda fulani. Faiwoli ya Cisco ASA kwa kawaida hungoja saa 1 kwa TCP. Linux, kwa upande wake, hutuma pakiti ya kuuliza kama mwenzake yupo baada ya sekunde 7,200, yaani saa 2, tena pale tu programu ilipoomba. Saa moja inatangulia mbili: faiwoli inasahau muunganisho, pande zote mbili zinaamini bado upo, na ombi la kwanza la asubuhi linapotea. Punguza muda wa hiyo pakiti kwenye seva hadi dakika chache. Usiongeze muda wa faiwoli kwa wote kwa ajili ya programu moja. Ikibidi, iongezee programu hiyo moja kwa kanuni yake.

Nibadilishe vipi usanidi kwa mbali bila kujifungia nje?

Tumia kinga ambayo kifaa kinayo. Juniper wana amri ya commit confirmed, inayorudisha usanidi wa awali baada ya dakika 10 usipothibitisha. Kwenye ruta za Cisco, wengi hutanguliza amri ya reload in, ili kifaa kijiwashe upya na usanidi uliohifadhiwa kama mambo yataharibika. Kwenye Linux, panga amri ya kurudisha kanuni za zamani baada ya dakika tano kabla hujagusa kitu, na uifute ukishaona uko salama. Zaidi ya hayo, uwe na njia ya pili ya kufika kwenye kifaa isiyopita kwenye faiwoli hiyohiyo.

Mabadiliko yaandikwe na mmoja na kusomwa na mwingine. Hata mkiwa wawili tu katika kitengo.

Faiwoli mbili zinazosaidiana zinatosha?

Zinasaidia, mradi zinashirikishana jedwali la miunganisho na mnajaribu kuzibadilishana kwa makusudi. Ile ya akiba isiyowahi kupokea kazi hamjui kama itaiweza. Angalieni pia trafiki isitoke kwa moja na kurudi kwa nyingine, kwani ile inayopokea jibu bila kuona mwanzo wake italikataa.

Tuandike logi za nini, na tuzipeleke wapi?

Nje ya kifaa, kwa muda wote. Mvamizi aliyeingia kwenye faiwoli hufuta logi zilizomo. Andika zilizokataliwa, zilizoruhusiwa kuingia na kutoka kwa seva, kila kuingia kwa msimamizi, na kila badiliko la usanidi. Saa za vifaa vyote ziende pamoja kwa NTP (itifaki ya kulinganisha saa), la sivyo hutaweza kupanga matukio.

Kisha awepo mtu wa kuzisoma. Seva ya ndani ambayo imekataliwa kwenda intaneti mara mia ndani ya usiku mmoja inastahili kuulizwa kulikoni, hata kama faiwoli imeizuia kila mara.

Faiwoli za wingu ni zilezile?

Dhana ni zilezile, mitego inatofautiana. Kwenye AWS, kwa mfano, vikundi vya usalama hutunza hali ya muunganisho, lakini orodha za udhibiti za mtandao hazitunzi, hivyo majibu nayo yanahitaji kanuni. Hatari kubwa ni wepesi: msanidi programu anaweza kufungua 0.0.0.0/0, yaani intaneti yote, kwa sekunde chache bila ombi wala mmiliki. Kanuni za wingu ziandikwe kama msimbo, zihifadhiwe na historia yake, na zipitiwe kama zile za kifaa cha chumbani.

Faiwoli yenyewe inaweza kuvamiwa?

Inaweza, na wavamizi wanaipenda kwa kuwa iko mbele ya kila kitu. Aprili 2024 ulitangazwa udhaifu CVE-2024-3400 kwenye PAN-OS, mfumo wa faiwoli za Palo Alto Networks, uliopewa alama 10 kati ya 10, na ulikuwa tayari unatumiwa kabla ya kiraka kutoka. CVE-2018-13379 ya Fortinet ina somo lake: kiraka kilitoka mwaka 2019, lakini Septemba 2021 zikamwagwa hadharani nywila za VPN za vifaa takriban 87,000. Baadhi ya wenye vifaa walikuwa wameshaweka kiraka, ila hawakubadilisha nywila ambazo huenda zilisomwa kabla.

Kwa hiyo ukurasa wa usimamizi usionekane kutoka intaneti. Ufikike kutoka kanda maalumu tu, kwa uthibitishaji wa hatua mbili. Zima huduma usizotumia, hasa VPN ya kivinjari. Jiandikishe kupokea matangazo ya usalama ya mtengenezaji, na mkubaliane mapema na uongozi kwamba kiraka cha dharura kinaruhusiwa kukatiza kazi ndani ya siku moja. Kifaa kilichokoma kupata masasisho kibadilishwe. Na ukiweka kiraka cha udhaifu uliokuwa umeshaanza kutumiwa, badilisha nywila zote zilizopita hapo, kagua akaunti za wasimamizi moja baada ya nyingine, na linganisha usanidi uliopo na nakala ya mwisho unayoiamini.